Jina Lililovuka Sirari

Wahenga walisema tembea ujionee. Mimi nilitembea, nikajionea, na nikarudi na aibu kidogo ambayo nimeona si vyema kuifungia katika daftari langu peke yangu. Ndiyo sababu nimeomba nafasi katika jarida letu hili ili niwasimulie wanafunzi wenzangu, na walimu wetu pia wakiniwia radhi, yale yaliyonikuta nilipokwenda Nyamira, nchini Kenya, kuhudhuria ubatizo wa mpwa wangu.

Ilikuwa mwezi Agosti mwaka 2022, wakati wa likizo ndefu. Dada yangu, ambaye ndiye mzaliwa wa kwanza katika nyumba yetu, aliolewa na Mgusii waliyekutana Mwanza walipokuwa wote wakifanya kazi huko. Baadaye shemeji alirudi kwao kufundisha katika shule ya sekondari, na dada akamfuata. Baba hakufurahi. Yeye ni Mkuria wa Tarime, mtu wa maneno machache, na tangu mama alipofariki amekuwa akiona kila mtoto anayeondoka nyumbani kama mlango unaofungwa. Mimi nililelewa Dar es Salaam kwa mama mdogo, nikasoma huko, na hata nilipochagua kusomea Kiswahili katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, baba aliniuliza swali moja tu: "Kwani hukijui?"

Dada alipojifungua mtoto wa kike, habari zilifika Tarime kwa simu. Baba alisema mguu wake haumruhusu kusafiri. Nadhani haukuwa mguu peke yake. Jirani zetu walikuwa wametoka katika uchaguzi mkuu wa tarehe 9 Agosti, na matokeo yake yalikuwa yamefikishwa mbele ya Mahakama ya Juu. Baba akasema si wakati wa mzee kuvuka mpaka. Akaniagiza mimi. Nilipopita Tarime kumuaga, alinisindikiza hadi kituo cha basi akiegemea fimbo, kisha akanipa ujumbe wenyewe: "Mtoto wa kwanza wa kike wa dada yako achukue jina la mama yako. Kawaambie hivyo. Wewe ndiwe msomi wa maneno."

Kutoka Tarime hadi Sirari si mbali. Upande wa pili wa mpaka mji unaitwa Isebania, lakini mtu asiyeangalia mabango anaweza asitambue ni hatua ipi iliyomtoa katika nchi moja na kumwingiza katika nyingine. Wauza ndizi ni wale wale, vumbi ni lile lile, na Kikuria kinasikika pande zote mbili, kwa kuwa mpaka uliochorwa na wakoloni uliwakata Abakuria katikati kama mtu akatavyo mkate. Kilichonionyesha kwamba nimevuka ni maneno. Daladala ilikuwa imegeuka matatu, umeme umegeuka stima, na khanga niliyokuwa nimeibeba mkobani kuwa zawadi ilikuwa imegeuka leso bila ya mimi kuigusa.

Tulipita Migori na Rongo, kisha barabara ikaanza kupanda. Mtu aliyezoea joto la Dar es Salaam hujua mapema kwamba amekaribia Kisii, kwa maana upepo unaoingia dirishani hubadilika na vilima hujipanga kimoja nyuma ya kingine, vyote vimelimwa hadi kileleni. Sijaona nchi ambayo ardhi hutumiwa kwa bidii namna ile: migomba imesimama mlangoni mwa nyumba, nyuma yake mahindi, nyuma ya mahindi shamba la chai, na ukingoni mikaratusi. Mjini Kisii nilibadili gari. Kutoka hapo hadi Nyamira nilikaa karibu na mama mmoja aliyenionyesha genge la Manga kwa mbali, akaniambia kwa Kiswahili cha taratibu kwamba nikifika nisikatae chakula chochote, kwa kuwa mgeni anayekataa chakula huacha maswali nyuma yake.

Nilipokelewa na dada barabarani, mtoto akiwa mgongoni. Kabla hatujafika nyumbani nilikwisha kupata somo la kwanza. Kijana wa miaka kama kumi, mpwa wa shemeji, alikuwa akikimbia mbele yetu kuelekea jikoni huku akimwita mama yake kwa sauti kubwa, "Baba! Baba!" Nilisimama nikitazama atokee mwanamume. Alitoka mwanamke akifuta mikono kwa upindo wa leso. Dada alicheka mpaka akalazimika kushika mti. "Huku baba ni mama," akanieleza, "na baba ni *tata*. Nawe kwa mtoto huyu ni *mame*, yaani mjomba." Nilitoa daftari langu papo hapo. Kijana yule, alipoona ninaandika, alijiteua kuwa mwalimu wangu. Akanifundisha kwamba kitabu ni *egetabu* na kikombe ni *egekombe*, nami nikafurahi kama aliyeokota fedha, maana niliiona Kanuni ya Dahl ikitembea mbele yangu bila viatu: *Ekegusii* ina k kwa kuwa konsonanti inayofuata ni ghuna, lakini katika *egetabu* k imegeuka g mbele ya t. Darasani niliikariri kanuni hiyo kwa ajili ya mtihani. Pale ilikuwa kinywani mwa mtoto aliyekuwa akila muwa.

Furaha hiyo iliniponza, kwa kuwa nilidhani kuijua lugha na kujua habari zake ni jambo moja.

Mama mkwe wa dada anaitwa na wote Magokoro, yaani bibi. Ni mwanamke mrefu, mjane, na mikono yake imekomaa kwa kuchuma chai. Nilipiga goti nikamwamkia, "Shikamoo, bibi." Alinitazama kwa upole bila kujibu, kisha akasema, "*Bwakire*." Sikujua niitikie nini. Nikarudia shikamoo yangu kwa sauti ya juu zaidi, kana kwamba kikwazo kilikuwa masikio yake. Baadaye nilimpa doti ya khanga niliyomletea. Akaikunjua, akapitisha kidole juu ya maandishi, akamuuliza shemeji nguo ile inasema nini. Ilisema, "Mgeni njoo mwenyeji apone." Shemeji alipomtafsiria, alicheka, akasema jambo ambalo lilitafsiriwa hivi: "Basi tungoje tuone atatuponya nini."

Sasa yanipasa nieleze jinsi nyumba ile ilivyo, maana bila hivyo kisa hakitaeleweka. Nchi ya Abagusii ilipokea madhehebu mengi, lakini mawili yalitia mizizi mapema. Waadventista Wasabato walianza kazi yao Gendia, karibu na Ziwa Viktoria, mwaka 1906, wakafika milima ya Gusii miaka michache baadaye. Wakatoliki walifungua misheni ya Nyabururu mwaka 1911, na ilipofika mwaka 1960 Jimbo la Kisii lilianzishwa, Maurice Otunga akiwa askofu wake wa kwanza, yule ambaye baadaye alikuja kuwa kardinali. Kwa hiyo si ajabu kukuta huko nyumba yenye siku mbili za ibada. Marehemu mume wa Magokoro alikuwa Mkatoliki na watoto wakamfuata yeye; Magokoro mwenyewe ni Msabato, na hajawahi kupika chakula siku ya Jumamosi tangu alipobatizwa akiwa msichana, mtoni, kwa kuzamishwa mwili wote. Kwa imani yake mtoto mchanga hubarikiwa tu. Ubatizo humngoja hadi aweze kuuomba kwa kinywa chake. "Huyu hajatenda neno," alimwambia mwanawe wiki ile. "Mnamwosha nini?"

Hakuna aliyemjibu, na yeye hakudai jibu. Lakini palikuwa na jambo la pili lililokuwa zito zaidi, nalo ndilo lililonileta: jina. Katekista alihitaji kuliandika kitabuni kabla ya misa ya Jumapili. Jina la mtakatifu lilikwisha kuchaguliwa bila ugomvi. Jina la nyumbani ndilo lililobaki. Kwa desturi waliyonieleza wenyeji wangu, mtoto hupewa jina la marehemu wa ukoo ili jina lile lisipotee, na upande wa baba ndio hutangulia. Dada alikwisha kumweleza mumewe haja yake. Shemeji alikubali moyoni, lakini aliona haya kuwakabili baba zake wakubwa. Wote wawili walikuwa wakinisubiri mimi.

Jumamosi jua lilipozama na Sabato ya Magokoro ikaisha, tuliitwa sebuleni. Wazee walikuwa watatu. Wanawake walikaa karibu na mlango wa jikoni, na Magokoro alikaa kwenye kiti cha chini karibu na ukuta, mtoto akiwa mapajani mwake. Chai ya maziwa ilipita mara mbili. Kisha baba mkubwa wa shemeji akasema, kwa Kiswahili kwa heshima yangu, kwamba mtoto ataitwa Kemunto, na kwamba hapakuwa na haja ya maneno mengi. Mzee mwingine, mcheshi, akapendekeza Kwamboka, jina linalotokana na kuvuka, kwa sababu mama yake alivuka mpaka kuja kwao. Watu wakacheka. Mimi nikasimama.

Ndugu msomaji, nilikuwa nimeiandaa hotuba ile kwa siku mbili. Nilianza na "Wazee wetu watukufu," nikapita kwenye methali tatu, nikagusia undugu wa Abagusii na Abakuria ambao mapokeo ya wazee wa pande zote mbili huukiri, nikazungumzia Jumuiya ya Afrika Mashariki, nikarudi kwa mama yangu kwa tamathali ambazo mwalimu wangu wa ushairi angezipa alama nzuri. Nilisema kwa dakika kumi. Shemeji akamgeukia mama yake akatafsiri yote kwa sentensi moja fupi. Wazee walitikisa kichwa kwa adabu. Wanawake pale mlangoni walikuwa kimya, na ukimya wao niliuchukua kuwa ni wa watu waliovutiwa.

Magokoro akauliza jambo. Shemeji alisita, akainamisha macho, kisha akasema, "Shemeji, anauliza kama lugha hiyo ndiyo ya mama yako."

Nikajibu kwamba la, lugha ya mama ilikuwa Kikuria.

"Anasema basi useme kwa hiyo. Huenda akaisikia."

Nilifungua kinywa. Hakikutoka kitu. Mimi, niliyeweza kueleza mofolojia ya nomino za Kikuria kwa mfano uliochapishwa kitabuni, sikuwa na sentensi hata moja ya kumwombea mama yangu. Mama alikuwa akituimbia kwa lugha ile tulipokuwa wadogo. Dada anakumbuka, mimi nilikuwa mchanga mno. Bibi yangu mzaa mama alifariki nikiwa sekondari, na kila nilipomtembelea tulizungumza kwa tabasamu na kwa kuoneshana vitu. Nilisimama pale sebuleni nikijua kwamba kila mtu anaona ninachokitafuta na anajua kwamba hakipo. Hatimaye nilisema kitu pekee nilichokuwa nacho: "Mama aliitwa Bhoke."

Magokoro aliinua uso. "Boke?" akauliza. Kisha akachovya kidole hewani, akakilamba, akasema, "*Oboke*."

"Asali," kijana mwalimu wangu akanong'ona nyuma yangu. Dada akadakia kwa sauti iliyotetemeka kwamba mama mwenyewe alikuwa akituambia kuwa jina lake ni asali. Mimi siku zote nilidhani ni mzaha wa mama kwa watoto wake.

Magokoro akazungumza kwa muda mrefu, taratibu, akimtazama mtoto. Hakuna aliyenitafsiria katikati. Niliona baba mkubwa akianza kupinga, kisha akanyamaza. Niliona mwanamke mmoja pale mlangoni akijifuta macho kwa leso. Mwisho shemeji akageuka kwangu: "Amesema bibi yake mume wake, yule aliyempokea yeye alipoolewa hapa, aliitwa Nyaboke. Nyaboke na Boke ni asali moja. Mtoto ataitwa Nyaboke. Sisi tutasema amemrithi wetu, nanyi mtasema amemrithi wenu, na hakuna atakayekuwa amesema uongo."

Wazee walikubali. Nilishikana nao mikono nikijiona mshindi. Nilitoka nje nikampigia baba simu, lakini mtandao ulikuwa hafifu, nikaahirisha.

Usiku ule nilimkuta dada akiosha vikombe peke yake. Nikaanza kumsifia Magokoro kwa hekima yake, nikasema ni bahati kwamba jina lile la Kemunto halikuwa na mtetezi mkubwa. Dada aliweka kikombe chini. "Kemunto alikuwa binti yake," akasema. "Kitinda mimba. Alifariki miaka mitatu iliyopita, hakuacha mtoto. Tangu nilipopata mimba Magokoro amekuwa akilingoja jina hilo lirudi."

Nilimuuliza kwa nini hakuniambia. Akasema alidhani ninajua, kwa kuwa wanawake pale mlangoni walikuwa wakilizungumza jioni nzima, mimi nikiwa nimekaa hatua mbili kutoka kwao. "Na alisema nini, mwishoni, kabla ya kulitaja jina la Nyaboke?" nikauliza. Dada alikwisha kujifunza Ekegusii vya kutosha. "Alisema Kemunto ni mtoto wa nyumba hii, anaujua mlango, atangoja mwingine. Lakini huyu mama wa Tarime amekuja kutoka mbali, tena mjumbe wake hana hata maneno ya kumsemea. Tumkaribishe kwanza mgeni."

Sikulala vizuri.

Jumapili mvua ya asubuhi ilikoma kabla ya misa. Kanisa lilijaa. Nyimbo ziliimbwa kwa Kiswahili na kwa Ekegusii, na sikuweza kuzuia tabasamu padri alipotaja jina la Baba, nikifikiria watoto wangapi humo ndani hulitumia neno hilo kumwitia mama uji. Mtoto alipakwa mafuta, akamwagiwa maji, akalia kidogo, akavikwa kitambaa cheupe. Msimamizi wake akawasha mshumaa kutoka ule mkubwa wa Pasaka. Jina la Nyaboke lilisomwa kwa sauti, nikamwona dada akifumba macho.

Magokoro hakuingia. Alikuja nasi hadi kanisani, akakaa kwenye benchi nje chini ya mti, amejifunga kipande kimoja cha ile khanga. Mtu alipomsihi aingie, alijibu kwamba amekuja kumsindikiza mjukuu wake, hakuja kubadili dini. Tulipotoka alinyoosha mikono, akampokea mtoto akamfunga mgongoni kwa kile kipande cha pili, akatangulia njiani kuelekea nyumbani. Huko kulikuwa na turubai, viti vya kukodi, mbuzi wawili, ndizi, obokima wa wimbi na sahani za chinsaga iliyolainishwa kwa maziwa, ambayo uchungu wake hupendeza pale mtu anapokaribia kumaliza. Nilikula kila nilichopewa, kama nilivyousiwa ndani ya matatu. Nilipotakiwa kutoa neno la shukrani kwa niaba ya upande wa mama, nilimwomba kijana mwalimu wangu aniandikie kwanza katika daftari. Nilisimama nikasoma, "*Mbuya mono, Magokoro*," nikaketi. Walipiga makofi kuliko usiku uliotangulia.

Jioni, wageni walipokwisha kuondoka, Magokoro alimlaza mtoto mapajani akaomba kwa njia yake, ile ya kumbariki mtoto bila maji. Nilisikia *omwana*, nikasikia *baba*, nikasikia Nyaboke. Na mara moja tu, kwa sauti ya chini sana, nikasikia Kemunto. Mengine yote yalinipita.

Niliporudi Tarime baba alikuwa amekaa nje ya nyumba. Nilimweleza kila kitu, pamoja na lile swali lililonishinda. Hakunilaumu. Aliuliza tu jina lenyewe tena, nikamwambia, Nyaboke. Akalirudia kimoyomoyo, midomo ikitikisika. "Ni lile lile," akasema. Baada ya kitambo akaongeza, "Huyo mama mwenzetu, mwambie dada yako amwambie kwamba nitakuja. Siku atakapopatikana Kemunto, nitakuja mwenyewe na huu mguu."

Kisha nikatoa daftari langu, nikamwomba anianzishie maneno ya Kikuria, kuanzia salamu. Alishangaa kidogo, akakohoa, akaanza. Bado hatujafika mbali. Baba si mwalimu mvumilivu, na ulimi wangu ni mzito katika irabu saba za lugha yake.

Wanafunzi wenzangu, sisi tumejitoa kukitumikia Kiswahili, na mimi sijutii. Kiswahili ndicho kilichonipatia mama yule ndani ya matatu, wazee wale na kijana yule, na bila hicho dada na shemeji wasingeoana. Ni barabara pana. Lakini kuna nyumba ambazo barabara huishia langoni mwao, na ndani yake huingiwa kwa lugha ya bibi. Wengi wetu tunazo nyumba hizo, Tarime, Nyamira, Bukoba, Kitui au Gulu, na wenyewe wanaozijua funguo zake ni wazee. Ukienda likizo, beba daftari. Nami nitakwenda tena Nyamira, na safari hii nitakaa karibu na mlango wa jikoni.